Katiba ya Kenya na mahakama zinazoilinda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanahusu Kenya chini ya Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Majirani tumewagusa katika swali la 4 na la 17, kwa sababu wasomaji wa Tanzania, Uganda na Kongo huuliza mambo hayo hayo.

## Mambo ya msingi

1. Je, Kenya ina mahakama ya katiba?

Haina mahakama yenye jina hilo. Kazi yenyewe hufanywa kwa ngazi tatu. Kesi huanzia Mahakama Kuu, ambayo Kifungu cha 165 kimeipa mamlaka ya kufasiri Katiba na kuamua kama haki ya mtu imekiukwa. Asiyeridhika huenda Mahakama ya Rufaa, na mwisho wa safari ni Mahakama ya Juu.

Nairobi kuna Kitengo cha Katiba na Haki za Binadamu kwenye mahakama za Milimani, na ndicho kinachotajwa sana kwenye habari. Lakini Mahakama Kuu ni moja nchi nzima. Ukiwa Mombasa, Kisumu au Garissa, huhitaji kupanda basi hadi Nairobi ili kesi yako ya katiba isikilizwe.

2. Mahakama Kuu na Mahakama ya Juu ni moja?

La. Mahakama Kuu ina majaji wengi walioenea katika kaunti na ndiyo ya kwanza kusikiliza. Mahakama ya Juu ina majaji saba tu, na uamuzi wake unazifunga mahakama nyingine zote. Kesi kubwa inayoanzia na kuishia huko juu ni ile ya kupinga uchaguzi wa rais (swali la 11).

3. Majaji hawakupigiwa kura na mtu. Wanapata wapi nguvu ya kufuta sheria ya Bunge?

Wameipata kwa wananchi wenyewe, walioipitisha Katiba katika kura ya maamuzi ya tarehe 4 Agosti 2010. Kifungu cha 2 kinasema sheria yoyote inayokwenda kinyume na Katiba ni batili kwa kiwango cha mgongano huo. Bunge linapovuka mpaka, lazima awepo wa kusema limevuka, na haiwezekani awe Bunge lenyewe.

Tazama kesi ya Francis Muruatetu na mwenzake, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu tarehe 14 Desemba 2017. Kifungu cha 204 cha Kanuni za Adhabu kilimlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila aliyepatikana na hatia ya mauaji. Mshtakiwa angeweza kueleza umri wake, hali yake au jinsi alivyoshiriki katika tendo lile, na maelezo hayo yote yasingebadilisha lolote. Jaji alikuwa amefungwa mikono na sheria. Mahakama ilisema kumnyima mtu nafasi ya kusikilizwa kabla ya adhabu kunakiuka haki ya kesi ya haki, ikafuta ulazima huo.

Haikufuta adhabu ya kifo yenyewe. Hapo wengi huteleza, na wafungwa wa makosa mengine kama wizi wa mabavu walianza kurudi mahakamani kuomba wahukumiwe upya. Julai 2021 Mahakama ya Juu ilibidi ieleze kwamba uamuzi ule unahusu mauaji tu. Kabla ya kujenga matumaini juu ya hukumu, isome ilichoamua, usiishie kwenye kichwa cha habari.

4. Majirani wanafanyaje?

Uganda, majaji watano wa Mahakama ya Rufaa huketi kama Mahakama ya Katiba, na rufaa huenda Mahakama ya Juu. Kongo ina Mahakama ya Katiba inayojitegemea, yenye majaji tisa wa kipindi cha miaka tisa kisichorudiwa. Ilianza kazi mwaka 2015, na ndiyo inayotangaza matokeo ya mwisho ya urais.

Tanzania, kesi za haki za msingi huenda Mahakama Kuu. Ndiko Rebeca Gyumi alikopinga mwaka 2016 vifungu vya Sheria ya Ndoa vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 14 au 15, akashinda, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha ushindi huo Oktoba 2019. Ipo pia Mahakama Maalum ya Katiba, lakini kazi yake ni mgogoro kati ya Serikali ya Muungano na ya Zanzibar pekee, na nusu ya wajumbe wake huteuliwa na kila upande. Tofauti kubwa na Kenya iko kwenye urais: Ibara ya 41(7) ya Katiba ya Tanzania inazuia mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa rais Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza mshindi.

## Majaji wenyewe

5. Jaji wa Mahakama ya Juu huteuliwaje, na hukaa muda gani?

Tume ya Huduma za Mahakama hutangaza nafasi, huwahoji waombaji hadharani, kisha hupeleka jina kwa Rais. Mahojiano ya kumtafuta Jaji Mkuu mwaka 2021 yalioneshwa moja kwa moja kwenye runinga, na mwishowe Martha Koome akawa mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo, baada ya Willy Mutunga na David Maraga. Jaji Mkuu na naibu wake lazima pia waidhinishwe na Bunge la Kitaifa.

Sharti ni tajriba ya miaka 15 katika sheria pamoja na maadili mema. Jaji hustaafu akiwa na miaka 70, ila akitaka anaweza kuondoka baada ya kufika 65. Jaji Mkuu hawezi kuzidisha miaka kumi kwenye kiti hicho hata kama bado ni kijana.

6. Rais anaweza kukataa kumteua jaji aliyependekezwa?

Kwa mujibu wa Katiba, hawezi. Huteua kwa kufuata pendekezo la Tume, na Mahakama Kuu ilisema hivyo waziwazi mwaka 2020. Yaliyotokea ni mengine. Mwaka 2019 Tume ilipendekeza majaji 41 wa Mahakama ya Rufaa na mahakama zenye hadhi ya Mahakama Kuu. Rais Uhuru Kenyatta alikaa na orodha hiyo karibu miaka miwili, akateua 34 mwezi Juni 2021 na kuwaacha sita; mmoja alikuwa ameshafariki. Sita hao waliteuliwa Septemba 2022, Rais William Ruto alipoingia madarakani.

Miaka hiyo yote kesi za watu zilikuwa zikingoja majaji. Huo ulikuwa uvunjaji wa Katiba, na haufai kuitwa mvutano wa kisiasa.

7. Jaji akikosea, anaweza kufutwa kazi?

Kukosea katika uamuzi ni sababu ya kukata rufaa. Kuondolewa ni jambo jingine: Kifungu cha 168 kinataja kushindwa kazi kwa sababu ya ugonjwa, kuvunja maadili ya kazi, kufilisika, kukosa uwezo, na utovu mkubwa wa nidhamu. Mtu yeyote anaweza kupeleka malalamiko kwa Tume kwa maandishi. Tume ikiona yana uzito humwarifu Rais, naye humsimamisha jaji na kuunda jopo la kumchunguza. Rais akitaka kumwondoa jaji kwa sababu tu hakubaliani na hukumu, Katiba haimpi njia hiyo.

## Kufungua kesi

8. Nani anaweza kufungua kesi ya katiba?

Wewe. Kifungu cha 22 kinamruhusu kila mtu kwenda mahakamani haki yake inapokiukwa au kutishiwa. Unaweza kwenda kwa niaba ya asiyeweza kujisimamia, kwa niaba ya kundi, kama chama, au kwa maslahi ya umma hata kama jambo halikugusi binafsi. Kifungu cha 258 kinatoa ruhusa hiyo hiyo kwa uvunjaji wa sehemu nyingine za Katiba.

Je, lazima wakili? Hapana. Na kufungua kesi ya haki za msingi hakupaswi kutozwa ada; Katiba imesema hivyo yenyewe. Imesema pia kwamba mahakama, ikibidi, ipokee hata maandishi yasiyo rasmi. Kanuni zilizotolewa mwaka 2013 na Jaji Mkuu Mutunga zinakwenda mbali zaidi: mtu anaweza hata kueleza malalamiko yake kwa mdomo, nayo masijala iyaandike. Gharama za upande ulioshinda ni hiari ya jaji. Kesi iliyoletwa kwa nia njema kwa ajili ya umma, mara nyingi kila upande hujibebea zake, lakini hilo si dhamana.

9. Mbona kesi nyingi za aina hii huanguka mapema?

Sababu ya kwanza ni kutotaja mambo kwa uwazi. Tangu kesi ya Anarita Karimi Njeru ya mwaka 1979, mahakama zimedai mlalamishi aseme mambo matatu: analalamikia nini, kifungu gani kimevunjwa, na kimevunjwaje. Kuandika "haki zangu zote chini ya Sura ya Nne zimekiukwa" hakutoshi. Andika: tarehe fulani, ofisa fulani alifanya hivi, jambo hili linakwenda kinyume na kifungu fulani, na hii hapa barua. Ambatisha barua yenyewe kwenye hati ya kiapo. Maelezo ya kurasa tatu yenye ushahidi hufika mbali kuliko kurasa hamsini za hasira.

Sababu ya pili ni mlango usio wake. Mgogoro wa shamba huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Wa mwajiri na mwajiriwa huenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Mahakama hizo nazo husikiliza hoja za katiba ndani ya mambo yake. Ya tatu ni kuruka ngazi: sheria ikiwa imeweka bodi au jopo la kusikiliza malalamiko kwanza, jaji atakurudisha huko usipokuwa na sababu nzito.

Mahakama ikithibitisha kwamba kesi ina suala zito la kisheria, Jaji Mkuu hupanga jopo la majaji wasiopungua watatu, na idadi yao lazima iwe witiri.

10. Amri ya muda ina nguvu gani? Ikipuuzwa je?

Ni amri ya kuzuia jambo lisifanyike hadi kesi isikilizwe, na inamfunga kila aliyetajwa, serikali ikiwemo. Anayeipuuza anaweza kuadhibiwa kwa kudharau mahakama. Hiyo ndiyo sheria.

Sasa tazama Mitumba, kijiji kilichokuwa karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Septemba 2011 Mamlaka ya Viwanja vya Ndege ilitoa ilani ya siku saba ya kuhama. Wakaazi, chini ya chama chao cha Mitu-Bell, walikimbilia mahakamani wakapata amri ya kusimamisha ubomoaji. Tarehe 19 Novemba 2011 nyumba zao zilibomolewa, amri ikiwepo. Shule ya watoto ilikwenda pamoja nazo.

Walishinda Mahakama Kuu mwaka 2013. Walishindwa Mahakama ya Rufaa mwaka 2016. Tarehe 11 Januari 2021 Mahakama ya Juu iliwaunga mkono katika mambo makubwa: kwamba watu walioishi kwenye ardhi ya umma bila hati miliki bado wana haki ya makao inayolindwa, na kwamba jaji anaweza kutoa amri za kusimamia utekelezaji baada ya hukumu. Kisha jalada likarudishwa Mahakama Kuu ili nafuu ipangwe. Zaidi ya miaka tisa baada ya mabati kuanguka, suala la nani atalipwa nini lilikuwa bado liko mezani. Wanasheria huisifu hukumu hii, nami pia. Lakini anayefikiria kwenda mahakamani ajue kuwa haki ya kushinda na haki ya kupata makao tena ni safari mbili.

## Uchaguzi wa rais

11. Muda ni upi?

Mtu yeyote anaweza kufungua kesi ndani ya siku saba baada ya mshindi kutangazwa, na Mahakama ya Juu lazima iamue ndani ya siku 14 tangu kesi kufunguliwa. Matokeo yakifutwa, uchaguzi mpya hufanyika ndani ya siku 60. Siku 14 ni chache mno kwa kesi yenye makumi ya maelfu ya fomu, kwa hiyo ushahidi usiokuwa tayari siku ya kufungua ni kama haupo. Mwaka 2013 hati ya ziada ya Raila Odinga iliyochelewa iliondolewa kwenye jalada.

12. Kwa nini mahakama ilifuta uchaguzi wa 2017, ikauacha wa 2022?

Tarehe 1 Septemba 2017 majaji wanne dhidi ya wawili walifuta ushindi wa Rais Kenyatta wa tarehe 8 Agosti. Jaji wa saba alikuwa mgonjwa. Ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya Afrika kufuta uchaguzi wa rais aliye madarakani. Malawi ilifuata Februari 2020.

Hoja ilikuwa jinsi kura zilivyosafiri. Kila kituo hujaza Fomu 34A, nazo zilitakiwa kufika kituo kikuu cha kitaifa pamoja na matokeo. Tume ya uchaguzi ilitangaza mshindi kabla ya kuzipokea zote. Mahakama iliagiza pande husika zioneshwe mitambo ya Tume. Tume haikuifungua ilivyoagizwa, na majaji wakaichukulia kuwa kulikuwa na la kufichwa. Karatasi nazo zilikaguliwa. Fomu 34C, ile ya jumla iliyotumika kumtangaza rais, haikuwa na alama za usalama. Wengi wa majaji wakasema uchaguzi si tarakimu ya mwisho tu, njia nayo lazima ionekane na ihakikiwe. Majaji Jackton Ojwang na Njoki Ndung'u walipinga, kwa hoja kwamba makosa yale hayakuthibitishwa kubadili uamuzi wa mpiga kura.

Mwaka 2022 Tume iliweka Fomu 34A kwenye tovuti, kila mtu akajumlisha mwenyewe. Madai kwamba fomu zilibadilishwa njiani yalipimwa kwa ukaguzi, hayakuthibitika, na tarehe 5 Septemba 2022 majaji wote saba walithibitisha ushindi wa Ruto. Mahakama haikugeuka, ushahidi ndio uliokuwa tofauti. Naamini pia uwazi ule wa 2022 ni zao la hukumu ya 2017.

13. Ni kweli kuna siku Mahakama ya Juu ilishindwa kuketi?

Kweli. Tarehe 25 Oktoba 2017, mkesha wa uchaguzi wa marudio, kulikuwa na kesi ya kuomba uahirishwe. Akidi ni majaji watano. Walifika wawili tu, Jaji Mkuu Maraga na Jaji Isaac Lenaola. Jioni iliyotangulia, mlinzi wa Naibu Jaji Mkuu Philomena Mwilu alikuwa amepigwa risasi. Wiki chache kabla, Rais alikuwa amewaita majaji "wakora" hadharani. Kesi haikusikilizwa, uchaguzi ukaendelea.

## Mahakama, Bunge na Serikali

14. Mahakama tatu zikitoa maamuzi matatu tofauti, nifuate lipi?

La juu zaidi, kuanzia siku linapotolewa, isipokuwa limesimamishwa. Julai 2024 Mahakama ya Rufaa iliharamisha Sheria nzima ya Fedha ya 2023 kwa kasoro za ushirikishaji wa umma. Mahakama ya Juu ilisimamisha uamuzi huo mwezi uliofuata, na Oktoba 2024 ikaubatilisha. Kodi ziliendelea kukatwa muda wote huo.

BBI, mpango wa Rais Kenyatta wa kurekebisha Katiba, ilipita njia kama hiyo. Mahakama Kuu na ya Rufaa, mwaka 2021, zilisema Katiba ina msingi ambao hauguswi kwa marekebisho ya kawaida. Mahakama ya Juu, tarehe 31 Machi 2022, ilikataa fundisho hilo, lakini ikakubali kwamba Rais hawezi kuanzisha marekebisho kupitia njia iliyowekewa wananchi. Mswada ukafa.

15. Bunge likikaidi, nini hufanyika?

Wakati mwingine, hakuna. Desemba 2012 Mahakama ya Juu ilitoa ushauri kwamba sheria ya kuhakikisha jinsia moja haizidi theluthi mbili ya wabunge iwe tayari kufikia tarehe 27 Agosti 2015. Haikupitishwa. Mahakama za chini zikaagiza tena. Tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu Maraga, kwa kufuata Kifungu cha 261, alimshauri Rais avunje Bunge. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ilisimamisha ushauri huo, na wabunge wakamaliza kipindi chao.

## Masuala yenye utata

16. Mahakama ya Kadhi inabanwa na Katiba?

Ndiyo. Kadhi husikiliza ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, wahusika wote wakiwa Waislamu na wakikubali kusikilizwa huko. Kifungu cha 24(4) kinaruhusu usawa upunguzwe humo kwa kiwango kinacholazimu tu. Mpaka huo ulipimwa Juni 2025, Mahakama ya Juu iliposema watoto wasinyimwe urithi wa baba Mwislamu kwa sababu tu wazazi hawakuwa wameoana. Pwani uamuzi huo umewagawa watu, na wapo wanazuoni wanaoupinga kwa hoja za dini. Hadi sheria au mahakama hiyo hiyo iseme vingine, ndio unaozifunga mahakama nyingine, ya Kadhi ikiwemo.

17. Nikishindwa Mahakama ya Juu, kuna pengine pa kwenda?

Rufaa haipo. Mahakama ya Juu hupitia upya uamuzi wake kwa sababu finyu sana, mfano ukiwa umepatikana kwa udanganyifu.

Kuna Arusha, kwenye Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Martha Karua alikwenda huko baada ya Mahakama ya Juu kusema mwaka 2019 kwamba muda wa miezi sita wa kesi yake ya ugavana wa Kirinyaga ulikwisha. Tarehe 30 Novemba 2020 mahakama hiyo ilisema Kenya ilikiuka haki yake ya kusikilizwa, ikaagiza alipwe dola 25,000. Matokeo ya Kirinyaga hayakubadilika. Arusha huamua kama nchi imevunja Mkataba wa Jumuiya, haifuti hukumu ya Nairobi.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha pia, haipokei kesi ya Mkenya moja kwa moja, kwa kuwa Kenya haijaweka tamko la kuruhusu. Waogiek wa msitu wa Mau walifika huko kupitia Tume ya Afrika, wakashinda Mei 2017.

Ukichagua Mahakama ya Afrika Mashariki, muda ni miezi miwili tangu kitendo unacholalamikia, au tangu ulipokifahamu, na mahakama hiyo haina mazoea ya kuuongeza.